Video za Afya Kwenye Simu: Uliza Vizuri Upate Jibu la Kweli

Siku hizi ni vigumu kukosa simu yenye intaneti katika bloku yoyote ya kambi yetu. Mtu akiumwa nyumbani, wengi wetu tunafungua YouTube kwanza na kuandika jina la ugonjwa, ndipo tufikirie kwenda zahanati. Kutafuta habari si kosa. Video nzuri inaweza kumwelimisha hata mzee asiyejua kusoma, akaona kwa macho namna ya kufanya. Lakini video mbaya inaweza kumfanya mgonjwa aache dawa zake, au mzazi achelewe kumleta mtoto kituoni mpaka hali iwe mbaya.

YouTube ilianzishwa Marekani mwaka 2005. Kila mtu mwenye akaunti anaweza kuweka video yake humo, na kampuni hiyo imewahi kutangaza kwamba zaidi ya saa 500 za video huingizwa kila dakika moja. Hakuna daktari anayekaa mlangoni kusikiliza kila video kabla haijakufikia wewe. Kwa hiyo kazi ya kuchagua imebaki mikononi mwako.

Katika makala hii tutaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kutafuta. Tutatumia ugonjwa mmoja kama mfano: kifafa. Tumeuchagua kwa sababu ni ugonjwa unaotibika, na bado kuna familia zinazouficha au kuzunguka nao kwa waganga miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Hivyo mtu anayetafuta habari za kifafa na kuangukia kwenye uongo anapoteza kitu kikubwa.

1. USIANDIKE NENO MOJA TU

Ukiandika "kifafa" peke yake, utaletewa kila kitu: masomo ya madaktari, watu wanaouza mizizi, mahubiri, na hata vichekesho. Mashine haijui unataka nini. Mwambie mtu "nataka kitu sokoni" naye atakuuliza kitu gani. YouTube haikuulizi, inakumwagia gunia zima.

Andika mambo matatu kwa pamoja: jina la ugonjwa, unachotaka kujua, na anayehusika. Kwa mfano:

- huduma ya kwanza mtu akianguka kifafa
- dalili za kifafa kwa mtoto mdogo
- dawa za kifafa kwa mama mjamzito

Acha maneno ya adabu. "Naomba kufahamishwa kuhusu" hayasaidii, kwa sababu mashine haihitaji kusalimiwa. Inalinganisha maneno yako na kichwa cha video, maelezo yaliyo chini yake na yaliyomo ndani. Kwa hiyo jiulize: mtu mwenye ujuzi angeipa video hii kichwa gani? Andika hicho.

Ukianza kuandika, chini yake hushuka orodha ya maneno ambayo wengine wameyatafuta. Isome. Mara nyingi utaona humo swali lako limeandikwa vizuri zaidi.

Kama kuandika ni shida, bonyeza alama ya kipaza sauti na useme. Kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017. Hakikisha tu kwamba simu imewekwa kusikiliza Kiswahili. Sema polepole, kisha soma kilichoandikwa kabla ya kutafuta.

2. TUMIA ALAMA MBILI NDOGO

Alama ya kwanza ni ya kunukuu, ile inayofungua na kufunga maneno. Ukizungushia maneno alama hizo, unaiambia YouTube itafute maneno hayo yakiwa pamoja kwa mpangilio huo.

Hapa kifafa kinatupa mfano mzuri. Kwa Kiswahili tuna "kifafa", ugonjwa wa ubongo unaoweza kumpata mtu yeyote. Tuna pia "kifafa cha mimba", hatari inayompata mama mjamzito au aliyejifungua karibuni kutokana na shinikizo la damu. Majina yanafanana, matibabu yanatofautiana. Mama mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni, aliyevimba uso na mikono au mwenye maumivu makali juu ya tumbo, hapaswi kuangalia video ya kifafa cha kawaida. Anapaswa kufika kituoni saa hiyo hiyo, awe ameanguka au hajaanguka. Ukitaka kujifunza kuhusu hali hiyo kabla haijatokea, andika "kifafa cha mimba" ukiweka alama za kunukuu.

Alama ya pili ni ya kutoa, kama ya hesabu. Ukiiweka mbele ya neno bila kuacha nafasi, unaomba video zenye neno hilo ziondolewe. Andika: kifafa -mimba. Hapo video nyingi za wajawazito zitapungua. Ukichoshwa na wauza mizizi, andika: kifafa matibabu -mizizi. Alama hizi hazifanyi kazi kikamilifu kila mara, lakini hupunguza takataka.

3. BADILISHA JINA, BADILISHA LUGHA

Ugonjwa mmoja una majina mengi, nasi humu kambini tumetoka sehemu nyingi. Anayetoka Kongo amezoea kusema "palu" akimaanisha malaria. Kifafa kwa Kirundi huitwa intandara, kwa Kinyarwanda igicuri, kwa Kifaransa épilepsie. Kama hukupata kitu cha maana kwa Kiswahili, usikate tamaa. Andika kwa lugha nyingine unayoielewa. Waliosoma kwa Kifaransa watapata video nyingi za madaktari kwa lugha hiyo.

Majina ya kienyeji nayo yana mtego wake. Ukiandika "degedege" utapata wanaosema ni ndege mbaya au pepo, na utapata madaktari wanaoeleza kwamba mtoto mwenye homa kali anaweza kutetemeka na kupoteza fahamu, na kwamba malaria kali ni sababu mojawapo. Ongeza neno la hospitali kando yake: degedege malaria kali mtoto. Hapo wataalamu watapanda juu.

Majina hubadilika pia. Mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina "mpox" litumike badala ya lile la zamani lililotaja nyani. Anayeandika "homa ya nyani" peke yake anaweza kuzikosa video mpya, na hizo ndizo zinazoeleza mlipuko uliofika Burundi mwaka 2024. Tafuta kwa majina yote mawili.

4. CHUJA MATOKEO

Ukishatafuta, usikimbilie video ya kwanza. Tafuta vidoti vitatu juu kulia mwa skrini, ufungue sehemu ya vichujio. Kwenye simu ya Kiingereza utaona neno Filters, na kwenye ya Kifaransa, Filtres. Humo unaweza kuchagua:

- Tarehe. Chagua za mwaka huu ikiwa unatafuta habari za mlipuko, chanjo au dawa.
- Urefu. Video fupi yafaa kwa jambo moja, kama namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Video ya zaidi ya dakika 20 mara nyingi ni mhadhara au mahojiano, nayo italamba bando lako.
- Aina. Unaweza kuomba uonyeshwe chaneli badala ya video moja moja. Ukipata chaneli moja nzuri, unaweza kutafuta ndani yake tu, bila kurudi kwenye gunia zima.
- Maandishi. Unaweza kuomba video zenye maandishi chini ya picha. Zinawafaa ndugu zetu wasiosikia vizuri. Maandishi yaliyotengenezwa au kutafsiriwa na mashine hukosea, kwa hiyo usiyaamini katika majina na vipimo vya dawa.

5. KABLA YA KUAMINI: NANI, LINI, KWA NINI

Nani? Bonyeza jina la chaneli na usome maelezo yake. Ilianzishwa lini? Iko nchi gani? Inaendeshwa na hospitali, wizara ya afya, shirika, au mtu asiyejitambulisha? Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wizara nyingi za afya zina chaneli zao. Global Health Media Project hutengeneza filamu fupi za kufundisha kunyonyesha, kutunza mtoto mchanga na kujikinga na kipindupindu. Zimo za Kiswahili na za Kifaransa.

Kuwa mwangalifu na chaneli za kuiga. Mtu anaweza kuchukua nembo ya shirika na kuandika jina linalokaribia kufanana. Ile alama ya vema kando ya jina inaonyesha kwamba chaneli ni ya mwenye jina hilo kweli. Haimaanishi kwamba kila anachosema ni sahihi. Koti jeupe nalo hushonwa na fundi yeyote.

Lini? Tazama tarehe chini ya video. Elimu ya afya hubadilika. Video ya mwaka 2010 inaweza kukuambia kwamba mtu mwenye virusi vya UKIMWI asubiri kinga yake ishuke ndipo aanze dawa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila aliyepimwa na kukutwa na virusi aanze dawa bila kusubiri. Vivyo hivyo, video za zamani husema mama mjamzito ahudhurie kliniki mara nne. Tangu mwaka 2016 shirika hilo linapendekeza mara nane. Msemaji wa zamani huenda hakudanganya. Wakati umempita.

Kwa nini? Sikiliza mwisho wa video. Je, anakufundisha, au anakutajia namba ya kutuma pesa?

6. DALILI ZA VIDEO YA KUTILIWA SHAKA

Ifunge video ukisikia haya:

- Dawa moja inaponya kisukari, kifafa, saratani na ukosefu wa nguvu za kiume.
- Acha dawa za hospitali leo, anza hii.
- Madaktari hawataki ulijue jambo hili.
- Ushahidi wake wote ni mtu mmoja aliyesema "mimi nilipona".
- Mzigo uko tayari, tuma pesa upelekewe.

Usidanganywe na idadi ya waliotazama. Uongo unaochekesha hutazamwa kuliko ukweli mkavu. Jua pia kwamba YouTube hukumbuka ulichotazama na kukuletea kinachofanana nacho. Ukitazama muuza dawa mmoja mpaka mwisho, kesho utaletewa wengine watano. Video mbovu ikijitokeza, bonyeza vidoti vitatu kando yake useme huvutiwi nayo.

7. TUJARIBU PAMOJA

Andika sasa: huduma ya kwanza mtu akianguka kifafa. Chagua video fupi. Kisha pima kila unayoitazama kwa orodha hii. Video ya kweli itakuambia:

- Ondoa vitu vigumu, vyenye ncha na moto karibu na mgonjwa.
- Weka kitu laini chini ya kichwa na ulegeze nguo shingoni.
- Mgeuze ubavu ili mate yatoke na apumue.
- Usimshike kwa nguvu kumzuia asitetemeke.
- Usimtie kijiko, kitambaa, kidole wala kitu chochote mdomoni.
- Usimpe chakula, maji wala dawa ya kunywa mpaka azinduke kabisa.
- Tazama saa. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, au akiwa mjamzito, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, apelekwe kituoni haraka.
- Kaa naye mpaka fahamu zirudi.

Ukiona video inayosema mwekee kijiko kati ya meno, umeshajua thamani yake. Na ukiona inayosema usimguse kwa sababu mate au povu lake linaambukiza, huo ni uongo unaoumiza watu. Kuna watoto walioungua vibaya kwenye moto wa jikoni kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwashika. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa kugusana wala kwa kula sahani moja.

Video nzuri itakueleza pia sababu zake: kuumia kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, na minyoo ya tegu inayotokana na nguruwe. Wakati mwingine sababu haijulikani. Dawa zake ni za kumeza kila siku, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko mkali kuliko wa kwanza.

8. LINDA BANDO LAKO NA SIRI YAKO

Video hula bando. Ukifungua video, bonyeza alama ya mipangilio uchague ubora wa chini. Ubora wa 144 ndio mdogo kabisa. Picha haitapendeza, lakini sauti utaisikia vizuri, na kwa somo la afya mara nyingi hilo latosha. Zima pia ile sehemu inayoanzisha video nyingine yenyewe moja inapokwisha. Soma maelezo chini ya video kwanza. Huenda jibu lako limo humo. Mkiwa majirani watatu wenye swali moja, tazameni kwa simu moja.

Simu nyingi humu kambini hutumiwa na familia nzima. Uliyoyatafuta hubaki ndani ya simu. Kama umetafuta habari za UKIMWI, uzazi wa mpango au ukatili uliotendewa, atakayeishika baada yako anaweza kuyaona. Programu ya YouTube ina njia ya kutazama bila kuhifadhi historia. Huipata kwa kubonyeza picha ya akaunti yako. Unaweza pia kufuta historia ya ulichotafuta na ulichotazama. Ukishindwa, mwombe mtu unayemwamini akuonyeshe njia bila kumwambia ulikuwa unatafuta nini.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nimeona kipimo cha dawa kwenye video. Naweza kumpa mtoto?

Hapana. Kipimo hutegemea uzito, umri na ugonjwa uliothibitishwa. Video haijampima mtoto wako. Mlete kituoni.

Na maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha?

Hayo unaweza kutengeneza nyumbani kama huna pakiti ya ORS: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Ukiona video inayotaja chumvi nyingi kuliko hiyo, usiifuate. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Ukiwa na pakiti, soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Mtoto akishindwa kunywa, akilegea, macho yakidumbukia au kinyesi kikiwa na damu, njoo naye mara moja hata kama ni usiku.

Video inasema tofauti na daktari wa kituo. Nimfuate nani?

Usiache dawa. Chukua simu, njoo nayo, mwonyeshe mhudumu video hiyo. Hatakasirika. Afadhali tuzungumze nawe dakika 10 kuliko kukupokea baadaye ukiwa umezidiwa.

KUMBUKA

- Taja ugonjwa, unachotaka kujua na anayehusika.
- Tumia alama za kunukuu na ya kutoa.
- Jaribu jina jingine na lugha nyingine.
- Chuja kwa tarehe na urefu.
- Uliza: nani, lini, kwa nini.
- Tafuta ukiwa na utulivu. Mgonjwa akiwa mahututi, weka simu chini umpeleke kituoni.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako au kwa jirani yako kuna mtu anayeanguka kifafa na hajawahi kuandikishwa, usingoje mpaka upate video nzuri. Mlete kituo cha afya. Aliyemwona akianguka aje naye, maana mgonjwa mwenyewe hakumbuki kilichotokea. Kama mlimrekodi kwa simu akiwa katika hali hiyo, njooni na video hiyo. Mhudumu akiitazama ataelewa mengi ambayo maneno hayawezi kueleza. Baada ya hapo ifuteni, msiisambaze, kwa sababu mgonjwa ana heshima yake.

Maswali mengine yaandikeni mtumbukize katika sanduku la maoni kituoni, au mwambieni mhudumu wa afya ya jamii wa bloku yenu. Ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome. Kama hajui kusoma, msomee.